Hando la Mbodze

Mimi sipendi ubishi wa asubuhi, lakini siku ile nilikuwa nimeshagombana na nusu ya dunia kabla mafuta hayajapata moto. Nilianza na Gitau, mlinzi wa lango la klabu ya marubani, aliyetaka meza yangu ya viazi karai na mahamri ikae kando ya vyoo. Nikamuuliza kama yeye kwao hula chooni. Akacheka, akanisogeza kivulini. Hapo nikageukia familia yangu, na huko hakukuwa na wa kucheka.

Bibi yangu, Hawe Kanze, alishuka kwenye gari amevaa hando. Nilikuwa nimemshonea gauni zuri la kitenge kwa ajili ya siku hiyo, akalikunja akaliacha nyumbani Vitengeni, chini ya mto wa kulalia. Akaja na sketi ile ya kale ya kina mama wa Kigiriama, nguo nyeupe iliyochanwa vipande na kupangwa marinda, tabaka juu ya tabaka, mpaka kiuno kinajaa. Watu waliokuja kutazama ndege wakaanza kumtazama yeye. Wengine walitoa simu wakampiga picha bila hata salamu.

"Hawe, leo ndiyo siku ya hando kweli?" nikamnong'oneza.

"Isipokuwa leo, ni lini?" akanijibu.

Nyuma yake alikuwa mdogo wake, Babu Jefwa, na fimbo yake na uso alioukunja tangu walipotoka nyumbani. Huyo hakuja kutazama ndege. Alikuja kuthibitisha kwamba dada yake ni mwongo.

Hadithi yenyewe sisi wote wa nyumba ile tumekua nayo. Mwaka wa nzige, Hawe angali msichana mdogo, ndege moja ndogo ilishuka shambani karibu na Vitengeni na bawa lake likachanwa na miiba. Ilikuwa na mabawa mawili juu na mawili chini, na kichwa cha rubani kilikuwa nje, kinapigwa upepo. Mama yao, Mbodze, alikuwa akirudi kutoka mtoni na Kanze ubavuni na Jefwa mgongoni, bado ananyonya. Yule mzungu hakuwa na neno hata moja la Kigiriama. Akaonesha tundu kwenye bawa, akaonesha hando. Mbodze akafungua tabaka la juu, akampa. Mzungu akakata kipande, akakaa chini akaanza kuchambua nyuzi za kingo moja moja, kisha akakibandika kwa dawa ya kopo yenye harufu kali. Ndege ikaruka, ikaenda zake.

Mbodze akafika nyumbani hando limepungua. Mumewe akamuuliza nguo imekwenda wapi. Akasema imekwenda kwenye bawa la ndege.

Kijiji kizima kilicheka. Ndege ni chuma, hata mtoto anajua, na chuma hakitiwi kiraka cha nguo. Mwanamke aliyerudi kutoka porini na nguo pungufu, akataja na mzungu, watu hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Mumewe akamrudisha kwao na watoto akawazuia. Mbodze akafia huko huko kwao. Jefwa akalelewa na mama wa kambo, na kila alipogombana na wenzake machungani walimwimbia wimbo wa mama yake na nguo zake. Mtu aliyeimbiwa hivyo utotoni, uzee haumpunguzii kitu.

Ndiyo maana hadi leo Mbodze hana koma. Wazee wetu, mtu akifa, baadaye husimamishiwa kigingi cha mti na kufungwa vitambaa, akamwagiwa tembo la mnazi, akaambiwa karibu nyumbani. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini sijitii hamnazo, najua koma ni kitu gani kwa watu wa umri wa Hawe. Asiyekuwa nayo bado yuko nje ya boma, anazunguka. Na mwenye haki ya kuisimamisha ni mwana wa kiume. Hawe alikuwa amemwomba Jefwa ujana wake wote na uzee wake wote, na jibu lilikuwa lile lile: simsimamishii mtu aliyeivua nguo nyumba yetu.

Kisha nikaletewa kazi hii ya kupika, na pamoja nayo tangazo la maonesho ya ndege za zamani, lenye picha ya moja ya mabawa mawili juu na mawili chini. Nilimwonesha Hawe kwenye simu bila kufikiri. Akaishika simu kwa mikono miwili, akasema, "Mwite Jefwa."

Makubaliano yao niliyasikia kwa masikio yangu.

"Tukikuta ni chuma," alisema Babu, "neno koma lisitoke tena kinywani mwako. Ufe nalo."

"Na tukikuta ni nguo?"

"Mti nitauchonga kwa mkono wangu."

Hawe alikubali. Alikuwa mgonjwa wa moyo tangu mwaka jana, na sote watatu tulijua kwamba mwaka mwingine wa kuomba huenda asiupate.

Basi tukaanza kutembea. Kiwanja chenyewe ni nyasi tu, ukanda mrefu wa kijani nyuma ya mashamba ya mkonge ya Kilifi, na ndege za zamani zilipangwa upande mmoja nyuma ya kamba. Sitadanganya, mimi nilisahau kwa muda kwamba nina mafuta jikoni. Sikujua kwamba kuna watu wanaoweza kukihifadhi kitu hivi, kikazeeka bila kuchakaa. Kulikuwa na moja ya rangi ya fedha iliyosuguliwa mpaka nikajiona uso na kitambaa changu cha kichwa. Nyingine ilikuwa na pua nene nyeusi na vioo vidogo vidogo, imesimama mkia chini pua juu. Marubani wake walikuwa wakiifuta vumbi kwa kanga kuukuu, taratibu, mmoja akiisemesha.

Babu Jefwa alizisogelea. Alinyoosha fimbo juu ya kamba akaigonga ile ya fedha ubavuni.

Ngo, ngo.

Akaenda kwenye ya pili. Ngo, ngo. Chuma kikajibu kama sufuria. Akamtazama dada yake kila mara alipogonga, na safu ilipokwisha akaikita fimbo chini.

"Umesikia mwenyewe," akasema. "Twende zetu."

Hawe akashika pindo la hando kama mtu aliyeogopa kunyang'anywa. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. "Babu, ile ya kwenye picha haimo hapa!" nikasema, kwa sauti ambayo mtu hamsemeshi mzee. "Bado haijafika. Mbona una haraka hivyo? Nani anakufukuza?"

"Karolina, adabu," akasema. Lakini alikaa. Nilimletea mahamri na chai ya tangawizi, akala huku amenipa mgongo.

Kwanza tuliisikia. Haikuwa ngurumo ya ndege za Malindi ambazo tumezizoea, zinazopasua mbingu zikapotea. Ilikuwa sauti ya kupapatika, ya kazi, kama cherehani ya mguu inayokwenda mbio. Watu wakanyamaza mmoja mmoja. Hata watoto waliokuwa wakigombania soda wakasimama, vichwa juu.

Ikatokea upande wa bahari, chini kabisa, juu ya mkonge. Ilikuwa ndogo. Nilishtuka ilivyokuwa ndogo, na ilivyokwenda polepole, polepole hata nikaogopa itachoka na kuanguka. Ilikuwa ya manjano, mabawa mawili juu, mawili chini, na katikati kichwa cha mtu kiko nje, kimevaa kofia ya ngozi. Ikazunguka juu yetu ikalaza ubavu mmoja. Jua likaingia nyuma yake, na mimi niliyesimama pale na mwiko mkononi nikaona ndani ya bawa. Naapa niliona. Mwanga ulipita, na mbavu nyembamba za ndani zikatokea zimepangana kama vijiti vya mwavuli.

Machozi yalikuwa yamenijaa na sikujua yanatoka wapi. Kitu chepesi vile, ambacho ungedhani mtu angekianua kwenye kamba pamoja na mashuka, kilikuwa kimembeba binadamu juu ya bahari na kinamrudisha salama, kinaimba. Mtu wa kwanza kukaa ndani ya kitu kile na kuiacha ardhi alikuwa na moyo wa namna gani?

"Ndiyo hiyo," alisema Hawe. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemwona ndugu akishuka kwenye basi.

Babu macho yake hayaoni mbali. Aliona manjano tu ikipita. Lakini aliacha kutafuna.

Ikagusa nyasi, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikaja ikiyumbayumba mpaka mwisho wa safu na kuzimika. Watu wakapiga makofi. Rubani akapanda juu ya kiti, akavua kofia, na nywele za kusuka zikamwangukia mabegani. Alikuwa msichana, jina lake Phoebe, kama tulivyoambiwa baadaye.

Babu Jefwa alikuwa ameshainama chini ya kamba.

"Mzee! Mzee, rudi nyuma!" Gitau alikuja mbio, lakini mzee aliyekusudia jambo hakamatiki. Alifika kwenye bawa la chini, akainua fimbo ili agonge kama alivyogonga zile nyingine.

"Babu, usigonge!" Phoebe alipiga kelele kutoka juu. "Tafadhali, babu, itatoboka!"

Fimbo ikabaki hewani.

"Itatoboka?" Babu akauliza.

"Ndiyo, babu. Shikamoo. Samahani nimekupigia kelele." Alikuwa akiteremka haraka. "Ukigonga na fimbo itapita upande wa pili."

"Chuma kitatobolewa na fimbo yangu?"

"Si chuma, babu. Ni mti ndani, na nje ni nguo."

Sijui Gitau alielewa nini, lakini alisimama, akashusha mkono aliokuwa ameunyoosha kumkamata Babu. Babu aliiweka fimbo chini kwenye nyasi. Akaunyoosha mkono, akaulaza wazi juu ya bawa, akabonyeza kidogo. Lilibonyea. Akaondoa mkono, likarudi, limevutika kama ngozi ya ngoma. Akabonyeza tena.

Hawe alikuwa ameshafika, nami nimemshika kiwiko. Harufu ilitupokea kabla ya kitu kingine, kali, inayopanda puani, harufu ya rangi ya kucha. Hawe akafumba macho. "Dawa ya kopo," akasema.

"Gundi yake hiyo, bibi," alisema Phoebe. "Wiki hii nimetia kiraka. Njooni muone."

Akatuonesha chini ya bawa. Kilikuwa kiraka cha ukubwa wa kiganja, na pembeni mwake pote, chini ya rangi, zilionekana nyuzi ndogo ndogo zimetawanyika kama kope.

"Na hizi nyuzi?" Babu aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Tunazichambua kingo kwa mkono, babu. Ukikibandika kimekatwa tu, upepo unakinyanyua. Nyuzi ndizo zinazoshika."

Babu Jefwa aligeuka akamtazama dada yake. Nimemjua mzee yule tangu nizaliwe, na sikuwahi kuuona uso ule. Ulikuwa wa mtoto mdogo aliyeamka akakuta nyumba haina mtu.

"Ulisema alizichambua nyuzi," akasema. "Miaka yote ulisema. Tukakucheka zaidi hapo hapo."

"Nawe ulikuwepo, Jefwa. Ulikuwa mgongoni. Ulilia ndege ilipoondoka, mama akakucheka."

"Alicheka?"

"Alicheka sana. Alifurahi siku ile. Njia nzima alikuwa akitazama juu, anasema nguo yake iko huko."

Babu alilia. Hakujificha wala hakujifuta. Alilia amesimama, kiganja chake kwenye bawa, akimwita Mbodze kwa jina, jina ambalo sikuwahi kulisikia likitoka mdomoni mwake. Phoebe aliniangalia mimi, nikamweleza kwa kifupi, na nilipofika kwenye koma na vitambaa akaenda mbio kwenye ndege akarudi na kipande kipya cha nguo ya bawa, nyeupe. Akampa Babu kwa mikono miwili.

Hawe alikizuia.

"Asante, mwanangu. Hicho kitengenezee ndege yako." Alilegeza tabaka la juu la hando lake, akalivuta pindo likaja mbele ya mdogo wake. "Kata hapa."

Basi hapo ndipo nilipojua kwa nini alikataa gauni langu la kitenge.

Gitau alitoa kisu chake kidogo. Watu wa simu zao walikuwa wamesogea, lakini hakuna aliyepiga picha. Babu alikata polepole, akafuata marinda, mpaka kipande kikabaki kiganjani mwake. Nilidhani atakikunja akitie mfukoni.

Aliketi kwenye nyasi, chini ya kivuli cha bawa. Akakilaza kitambaa juu ya goti, akakisogeza karibu na macho yake mabovu, akaanza kuchambua nyuzi za kingo, moja moja.

"Nikikifunga kwa mama," akasema, "kishike."