Seli za Mwalimu Nikodemo

Mwalimu Nikodemo Mazengo alianza kutoona usiku akiwa mtoto, na alipofika miaka thelathini hata mchana ulikuwa giza kwake. Hakuacha ualimu. Alijifunza kusoma na kuandika kwa nukta nundu, akahamia shule ya watoto wasioona pale Buigiri, na kwa miaka kumi na nne alifundisha Kiswahili, akiogopwa kidogo kwa ukali wake wa kusahihisha imla.

Katika ukoo wao hakuwa wa kwanza. Kaka wa mama yake naye alipofuka akiwa kijana, na huko Hombolo watu walizoea kusema kwamba wanaume wa nyumba ile wana laana. Kwa hiyo siku dada yake Emiliana alipompigia simu kumwambia kuwa mwanawe Optatus, mwenye miaka tisa, ameanza kujikwaa kwenye nguzo za shamba la zabibu kila jua linapozama, Nikodemo hakuuliza mengi. Alikaa kitandani, simu sikioni, akimsikiliza dada yake akilia.

Wiki chache baadaye alifika shuleni daktari wa macho kutoka mjini Dodoma, Naima Athuman, mwanamke wa Kondoa mwenye sauti ya chini. Yeye na wenzake wa nje ya nchi walikuwa wanachunguza upofu wa kurithi. Nikodemo alimweleza habari za mpwa wake. Damu ikachukuliwa: ya mwalimu, ya Emiliana, na ya mtoto.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wote na kuwaeleza taratibu. Hakukuwa na laana. Kulikuwa na jeni moja yenye kasoro, ile inayozisaidia seli za jicho zinazopokea mwanga zisife. Mwanamke anaweza kuibeba maisha yake yote na macho yake yakawa mazima, lakini mtoto wa kiume akiirithi huugua. Katika maelezo yote hayo Emiliana alishika jambo moja tu.

"Kwa hiyo ni mimi niliyempa," alisema.

"Umempa mengi, Mama Optatus," daktari alimjibu. "Hili hukulijua wala hukulichagua."

Kisha akawaambia kuhusu tiba iliyokuwa kwenye majaribio. Wataalamu huchukua kirusi kidogo kisichomdhuru mtu, ambacho kazi kinayoiweza ni kuingia ndani ya seli. Hukitoa vilivyomo, wakaweka ndani yake nakala nzima ya ile jeni, halafu hukichoma nyuma ya jicho ili kiufikishe mzigo. Lakini ni lazima kikute seli zilizo hai. Optatus alikuwa nazo nyingi bado.

Nikodemo naye aliombwa aweke kidevu kwenye mashine ya kupiga picha ya jicho. Daktari alipiga picha, kisha akaipiga tena mara ya pili.

"Zimekwisha, siyo?"

"Zimekwisha, mwalimu. Samahani."

Alishukuru kwa adabu. Hakuwa amemwambia mtu kwamba usiku uliotangulia alijiruhusu kufikiria sura ya mkewe, ambayo hakuwahi kuiona kwa kuwa alimwoa akiwa tayari kipofu. Kwa siku tatu alifundisha, akala, akalala, na hakuna aliyemuuliza neno.

Emiliana alikataa mwanawe aingizwe kwenye majaribio hayo. Mumewe, Meshack, alimwachia uamuzi, akisema mama ndiye anayemjua mtoto. Naye alimjua mwanawe kama mtoto anayeona mchana, anayecheza mpira na kusoma ubaoni akikaa dawati la mbele. Neno virusi lilimkumbusha barakoa na mazishi ya haraka. Alimwambia kaka yake kwamba hawezi kuwaruhusu watu watie virusi kwenye jicho linaloona, eti kwa ajili ya giza ambalo bado halijafika.

Nikodemo alijua kwamba giza hilo lingefika, lakini hakumlaumu. Alikwenda mjini peke yake na fimbo yake nyeupe, akamuuliza daktari kama hakuna namna ya kuijaribu dawa kwenye jicho la mtu mwingine wa ukoo wao kwanza. Daktari alifikiri. Akasema jicho zima hapana, ila seli za jicho, ndiyo. Wangeweza kuchukua damu yake, na katika maabara wanayoshirikiana nayo seli za damu zingerudishwa nyuma mpaka ziwe seli shina, yaani seli ambazo bado hazijachagua kazi. Hizo zingeoteshwa kwenye kisahani hadi zigeuke seli za jicho zenye kasoro ileile. Hapo kirusi kingejaribiwa bila kumgusa mtoto. Ingechukua karibu mwaka.

Alikunja mkono wa shati hapohapo.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Ilipofika likizo Optatus alikuja Buigiri, na mjomba wake kila safari alimsikia akigonga vitu zaidi. Nikodemo alijiuliza kama wazo lake limemponza mtoto kwa kumchelewesha. Alianza kumfundisha nukta nundu. Siku moja kijana alisimamisha vidole katikati ya mstari.

"Mjomba, nikijifunza hivi si ndiyo nimekubali kupofuka?"

"Umekubali kusoma," Nikodemo alisema. "Macho ni shauri lingine."

Daktari Naima alipopiga simu mwezi wa kumi na moja, alitaka Emiliana naye awepo. Alifungua kompyuta akamwonyesha picha mbili za seli zilizooteshwa kutokana na damu ya kaka yake. Ya kwanza ilipigwa kabla ya kirusi: protini inayotengenezwa na ile jeni haikuwepo. Ya pili ilipigwa baadaye, na protini ilikuwa imetiwa rangi ya kijani ili ionekane. Emiliana aliinamia kioo. Aliuliza kama kweli zile ni seli za Niko. Daktari alithibitisha, akaongeza kuwa ziko hai, na kwamba kwa jicho la binadamu hawezi kumwahidi lolote, ila kumwambia kile wanachokijua.

Emiliana aligeuka kumweleza kaka yake alichokiona. Alitafuta maneno, akaishia kumshika mkono na kusema, "Zimejaa kijani, Niko. Zimejaa." Wiki iliyofuata alisaini.

Walianza na jicho moja. Baada ya kuchomwa dawa Optatus alilala chali kama alivyoagizwa, akilalamika njaa, kisha akameza vidonge vya kuzuia uvimbe mpaka mashavu yakamvimba. Mwezi wa kwanza hakuna lililobadilika, na Emiliana aliacha kupokea simu za ndugu. Mwezi wa nne hospitali ilimpitisha mtoto kwenye njia yenye vikwazo, katika chumba chenye mwanga hafifu. Kabla ya tiba alikuwa amegonga vikwazo saba. Safari hii, jicho la pili likiwa limefunikwa, aligonga kimoja. Nikodemo, aliyekaa mlangoni, alihesabu nyayo za mpwa wake zikienda bila kusita, na akalazimika kutoka nje kwenye korido ajifute uso.

Haikuwa uponyaji kamili. Daktari alisema waziwazi kwamba hajui itadumu miaka mingapi, na jicho la pili lilipangiwa Juni. Alimweleza mwalimu pia kwamba wenzake wanatafiti namna ya kupandikiza seli za maabara kwa watu ambao zao zimekufa. Bado ni mbali, alisema. Nikodemo alimwambia kama wanahitaji damu zaidi, wanajua anakopatikana.

Jumamosi moja Emiliana alikwenda Chamwino kwa binti wa mama yake mdogo, ambaye kwa miaka hawakuwa wakitembeleana naye sana. Mwenyeji alimpa kiti na uji wa ubuyu. Nje, mwanawe Damas, wa miaka saba, alikuwa anafukuzana na wenzake, na jua lilipoanza kushuka alirudi peke yake akapapasa ukuta mpaka mlangoni.

Emiliana aliweka kikombe chini.

"Mdogo wangu," alisema, "kaa hapa karibu. Nina habari ya kukueleza, na inaanzia kwa mama zetu."