Wimbo wa Bi Kisirani

Alhamisi mchana, akina mama wakishamaliza kupima uzito wa watoto na mizani ikishashushwa, ukumbi wa nyuma ya zahanati ulikuwa wa wendawazimu. Ndivyo watu wa mtaa walivyosema, na wala hawakujisumbua kushusha sauti. Wenyewe walijiita kikundi. Walikuwa watu wanaosikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na dawa yao, mbali na vidonge, ilikuwa kuimba.

Na si kuimba hivi hivi tu. Nesi aliyekianzisha kikundi alikuwa na utaratibu wake, na usicheke kabla hujausikia. Kila mtu alileta maneno aliyoambiwa na sauti yake wiki ile, hata yawe mabaya namna gani. Kinanda, mwalimu mstaafu wa kwaya, aliyatafutia tuni, na sheria ilikuwa moja: neno likiwa baya, tuni iwe ya kuchezesha kiuno. Kisha wote wanaimba, wanapiga ngoma na njuga, na mwishoni wanaiambia sauti yenyewe ikalale. Neno lililokutesa ukiwa peke yako, likiimbwa na ukumbi mzima, na mmoja wao kakosea tuni, linapungua makali. Halifi, la hasha. Linapungua makali tu, na kwa watu wale hilo lilikuwa si haba.

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani, na sauti yake ilikuwa ya kikongwe. Dereva, aliyeendesha malori mpaka sauti zake mwenyewe zilipomshusha, ndiye aliyempa kikongwe huyo jina la Bi Kisirani. Dereva yeye aliambiwa kutwa, "Kila unachokishika kinapinduka," na wimbo wake ndio uliochekesha kuliko zote. Bi Kisirani naye hakuwa na mengi. Alimtaka Mama Sindano amtupe mtoto wake. "Mtupe chini huyo, hana faida." Alimwambia akitia uzi, alimwambia akioga, alimwambia akipanda ngazi na mtoto mwenyewe kambeba kifuani.

Mtoto huyo ni Kipusa, binti yake wa pekee, ambaye baba yake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama Sindano hakuwahi kumgusa hata kwa ukucha. Siku Bi Kisirani alipozidi, alimshika mtoto mkono akampeleka mwenyewe kwa wifi yake, dada wa marehemu, akamwambia, "Kaa naye mpaka nitulie." Mwenye akili timamu gani angefanya zaidi ya hapo? Wifi akampokea mtoto kwa mikono miwili, na tangu siku ile mikono hiyo haikufunguka.

Huyo wifi hakuwa mtu wa kelele. Panya huuma akipuliza, na yeye kwa kupuliza alikuwa bingwa. Jumapili alimkaribisha Mama Sindano sebuleni, akamwekea chai, akamleta Kipusa kavaa gauni la dukani, yaani mtoto wa fundi cherehani kavaa gauni la dukani, kisha akaketi katikati yao mpaka chai ikapoa. Akiulizwa mtoto anarudi lini, alijibu kwa upole.

"Wifi yangu, mimi nimng'ang'anie mtoto wa watu wa nini? Nikuone mzima kwa macho yangu, nguo zake nazifunga siku hiyohiyo."

Kwa macho yake. Basi Nesi alipotangaza siku ya kuwaalika ndugu waje wawaone wakiimba, Mama Sindano alijua siku yake imefika. Alimwalika wifi, akamwomba amlete na Kipusa. Akawashonea wenzake wote vizibao vya rangi moja, na kwa furaha yake alivitia hadi mifuko ambayo hakuna aliyeiomba. Kwao aliomba jambo moja tu.

"Wimbo wangu tuuache siku hiyo," alisema. "Tuimbe ule wa kukaribisha wageni, na ule wa Dereva."

"Umeshaachwa," alisema Kinanda. "Hata ukiubembeleza siupigi."

"Bi Kisirani naye apewe likizo," alisema Dereva. "Mfanyakazi gani yule, hata sikukuu hapumziki."

Walicheka wote, na Mama Sindano akacheka mpaka akajifuta machozi.

Lakini kikundi kilikuwa na desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyomponza. Mtu anaweza kuwa katikati ya wenzake na bado sauti ikamvuta. Unamwona: mkono unasita juu ya ngoma, macho yanahama, shingo inainama upande kama ya mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili. Ukimwona mwenzako hivyo huulizi wala husubiri ruhusa. Unaanzisha wimbo wake palepale, wengine wanakufuata, mpaka arudi. Kwa kuona mapema hakuna aliyemshinda Dereva. Yeye mwenyewe alisharudishwa hivyo mara nyingi, na hakujua wema mkubwa zaidi ya huo.

Siku ikafika. Wifi alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, Kipusa pembeni yake akining'iniza miguu. Wimbo wa kukaribisha wageni ulikwenda vizuri. Wa Dereva ulikwenda vizuri zaidi, watu wakacheka, na wifi mtu akapiga makofi, japo kwa ncha za vidole. Mama Sindano aliyaona makofi yale na moyo ukamfunguka. Palepale, huku akipiga ngoma, akaanza kupanga chumba: kitanda cha Kipusa akisogeze dirishani, apate hewa.

"Dirishani ndipo," alisema Bi Kisirani. "Mtupe chini kwa hapo."

Mkono wa Mama Sindano ukasita juu ya ngoma.

Dereva akauona. Maskini, alimpenda yule mama kama dada aliyenyonya naye ziwa moja. Makubaliano yao pengine yalimtoka kichwani, pengine hayakumtoka. Anayemwona mwenzake anazama hakumbuki kwamba aliahidi kutolowana. Akapaza sauti.

"Mtupe chini, mtupe!"

Na kikundi kizima kikaitikia. Hawakufikiri, walifanya kama walivyozoea kufanya kila Alhamisi. Vidole vya Kinanda vilishaipata tuni kabla kichwa chake hakijakumbuka ahadi. Njuga zikaingia, makofi yakaingia.

"Mtupe chini, huyo mtoto, hana faida, mtupe!"

Na ilifanya kazi, hilo ndilo linalouma. Bi Kisirani alinyamaza kimya. Mama Sindano akarudi, na nafuu ikampanda kama ilivyompanda siku zote, naye akaimba. Aliimba kwa koo lake lote, kiuno kikimcheza, ngoma ikilia, meno yote nje, na macho yake, kwa kuwa alikuwa anamtafuta wa kumshirikisha furaha, yalikuwa kwa binti yake.

Wifi alisimama. Alimziba Kipusa masikio kwa viganja vyake, akamsukuma taratibu kuelekea mlangoni. Walikuwa bado kwenye beti. Ile sehemu ya mwisho, ambapo wote wanamwambia bibi akalale, ilikuwa haijafika. Wimbo ukakatika vipande vipande, mmoja akinyamaza, kisha mwingine, na mpiga njuga, ambaye hasikii vizuri, akaendelea peke yake mpaka aliposhikwa mkono.

Nesi aliwawahi barazani, akaeleza yote: utaratibu, tuni, sababu. Wifi alimsikiliza hadi mwisho, kwani adabu alikuwa nayo tele.

"Nimekuelewa sana, Nesi," alisema. "Mnawafundisha kuyaimba."

"Tunawafundisha wasiyaogope."

"Si ndivyo nilivyosema?"

Mama Sindano alikuwa amefika, kizibao kimemwendea upande. Kipusa akamtazama.

"Mama, mtoto gani huyo atupwe?"

Angeweza kusema lolote. Angesema mwanasesere, angesema paka, mtoto angeamini. Lakini mle ukumbini alifundishwa muda mrefu kwamba sauti haifichwi, na uongo ukamgomea siku alipouhitaji.

"Kuna bibi mmoja ndiye anayesema hivyo, mwanangu. Mimi simsikilizi."

"Yuko wapi?"

Mama Sindano alijigusa kichwani. Kipusa akakitazama kichwa cha mama yake, akakitazama vizuri, kisha akarudi nyuma ya sketi ya shangazi yake na kuishika.

"Nilisema nione kwa macho yangu," alisema wifi. "Sasa nimeona."

Wakaondoka. Mama Sindano aliingia ndani, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Dereva, ambaye alikuwa amesimama anatafuta pa kuanzia kuomba radhi. Katika kikundi kile kila mtu alijua maneno ya sauti ya mwenzake, maana aliyaimba kila wiki. Mama Sindano alimwambia yake, bila tuni, bila ngoma, polepole.

"Kila unachokishika kinapinduka. Hawakudanganyi, Dereva. Wanakwambia kweli."

Dereva aliiweka ngoma yake kitini kwa uangalifu, isianguke, akatoka. Alhamisi iliyofuata hakuonekana, wala nyingine, na Mama Sindano hakumwulizia, kwa sababu na yeye hakwenda.

Jumapili nazo zikafutwa kwa upole uleule. Mara mtoto ana mafua, mara kalala, mara wanatoka. Mama Sindano alishona. Alishona sare za shule za watoto wa watu, kola kwa kola, na hakuwa na hamu ya kula wala ya kuongea. Na siku moja, akipiga pasi mkunjo wa sketi, aligundua kwamba kuko kimya. Akazima pasi akasikiliza. Hakuna. Hakuamini. Siku zikapita. Akaenda kusimama dirishani makusudi. Akakibeba kifuani kifurushi cha vitambaa, uzito wa mtoto, akapanda nacho ngazi na kushuka, majirani wakimtazama na kutazamana. Hakuna. Bi Kisirani alikuwa ameondoka bila hata kuaga.

Alikwenda kwa wifi karibu mbio.

"Imekwisha," alisema, hata hajakaa. "Ile sauti. Siisikii tena, wifi. Kaniulizie hata kwa Nesi, amenichunguza."

Wifi alifurahi, na kusema kweli alifurahi kwa dhati. Alimkumbatia, akamshukuru Mungu, akamfuta jasho kwa kanga yake.

"Tangu lini?"

"Tangu..." Mama Sindano alihesabu kichwani, asijue anachokihesabu. "Tangu muda mfupi baada ya siku ile."

"Yaani tangu mtoto alipoacha kuonana nawe."

Mama Sindano akaanza kuhesabu upya.

"Basi jibu tumelipata, wifi yangu," alisema wifi, na bado alikuwa amemshika mikono. "Ukiwa naye unaumwa, usipokuwa naye u mzima. Nikikurudishia mtoto leo, si nakurudishia na ugonjwa? Na likitokea la kutokea, nitamwambia nini kaka yangu huko aliko?"

Mama Sindano aliyageuza maneno yale ndani nje, kama anavyogeuza nguo ya mteja kutafuta palipofumuka. Hapakuwa na palipofumuka. Akiumwa, mtoto hapati kwa kuwa anaumwa. Akipona, hapati kwa kuwa amepona. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini nani alikuwa anamwuliza mzazi?

"Basi nimwone tu," alisema.

"Utamwona, kwani nani kakukataza? Ila mtoto alikuwa halali usiku, wifi. Alikuwa anashtuka usingizini anamtaja mama yake anakuja kumtupa. Ikabidi tumrahisishie." Akageuka, akaita ndani. "Kipusa! Njoo umsalimie shangazi."

Kipusa alikuja. Alikuwa amerefuka, nywele zimesukwa vizuri, na jino moja la mbele limeng'oka bila mama yake kuwapo. Alimtazama wifi kwanza, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya wageni kusoma alichokariri. Wifi akamwashiria kwa kichwa kumpa moyo.

"Shikamoo, shangazi."

Salamu ya mtoto haiachwi hewani. Akinyamaza, mtoto ataogopa upya. Akimsahihisha, kesho mtoto hatalala, na wifi atakuwa na la kusema. Kipusa alikuwa anamngoja, kashika ncha ya gauni lake.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Sindano, na wifi hakuona kosa, kwa kuwa shangazi yeyote husema hivyo.