Kidonge cha Jumamosi

Shemeji yangu Joachim ana miaka arobaini na tisa, ni fundi matairi hapa Ipogolo, chini ya mlima wa kwenda mjini, na kwa miaka kumi hakuna aliyemng'oa kwenye kiti cha bingwa wa drafti kijiweni. Sheria ya kijiwe ni moja: mtu mmoja akikufunga mara tatu mfululizo, kiti kinakuwa chake. Gwakisa, dereva wa lori kutoka Mbeya, alishamfunga mara mbili mfululizo.

"Shemeji, ile kete hukuiona au uliionea huruma?" nilimuuliza.

"Matilda, nenda kapike."

"Nipike na nini? Chumvi yote umemwagia chipsi."

Utani kando, alikuwa anasahau. Anashika kete, anabaki nayo hewani kama anasubiri iongee. Dada yangu Veneranda, mkewe, akamburuta zahanati. Presha ilikuwa juu mno. Nesi Apolonia akamweleza kwamba mishipa inayoteswa na chumvi na sigara ndiyo inayolisha kichwa. Ukiipuuza ukubwani, moyo unachoka na akili inapoteza makali hata kabla ya uzee. Akampa vidonge, kimoja kila siku.

Wiki tano baadaye nikachungulia pakiti. Vidonge vitano tu vimepungua.

"Nameza Jumamosi, siku ya drafti," akasema. "Siku nyingine akili naifanyia nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Dada hakucheka, akamrudisha kwa nesi.

"Lori linatembea kila siku, wewe breki unafunga Jumamosi tu?" nesi akamuuliza.

"Sasa nikimeza kila siku, nitacheza kama zamani?"

"Hilo sikuahidi. Tunalinda ulichobaki nacho."

Akaanza kumeza kila asubuhi, na kupanda mlima hadi mjini kwa miguu. Kuacha sigara kulimtoa jasho kuliko mlima. Nyumbani tukala maharage yasiyo na ladha, wote, eti kwa upendo.

Mwezi uliofuata lori la Gwakisa likapaki. "Mzee, kiti nimekuja kukichukua."

"Kaa kwanza hapo."

Walicheza saa nzima. Shemeji alikuwa polepole, ila kila kete aliiona. Mwisho kila mmoja akabaki na kingi moja, kete iliyofika ukingo wa pili wa ubao, zinakimbizana pembeni kama kuku. Sare.

Kijiwe kikabishana, kikakubaliana: sare siyo kufungwa.

Shemeji, bado kitini, akapanga kete upya. "Haya Gwakisa, anza wewe. Nina nafasi mpaka jioni."