Alama za Shamba la Kinole

Mimi nikikasirika sijui kunong'ona, na siku ile nusu ya mtaa wetu wa Mwembesongo ilinisikia. Binti yangu Nasra alirudi kutoka shuleni na insha yenye alama ishirini na nane. Aliandika habari za shamba letu, tena kweli tupu: shamba la Kinole ni la bibi yake, mama yangu. Baada ya bibi ni langu, na baada yangu ni lake, maana ndiye binti pekee niliyenaye. Baba yake analima pale kwa sababu alinioa. Sisi Waluguru ardhi inafuata upande wa mama.

Chini ya insha wameandika: "Mwanafunzi amechanganya mambo. Mmiliki wa shamba ni baba."

Nikajifunga kanga, moja kwa moja shuleni. Mwalimu Eustace, mtu mpole, akanikaribisha kiti. Sikukaa.

"Mwalimu, huu upuuzi umeuandika wewe?"

"Hapana, Mama Nasra. Siku hizi insha zinasahihishwa na akili mnemba, kwenye kompyuta."

"Na wewe umeisoma?"

Akainamisha kichwa. "Sijaisoma. Wanafunzi ni wengi mno."

Nikamwambia aisome mbele yangu, siondoki. Akaisoma. Alipofika pale bibi anapomfokea mkwewe kwa kukata mti bila kumuuliza, alicheka mpaka akavua miwani ajifute macho.

"Nzuri sana," akasema. "Haina kosa."

"Haya, rekebisha basi."

"Alama zikishaingia sina ruhusa ya kuzigusa. Aandike upya tu. Asipofaulu hii, atarudia darasa."

Nilitoka pale roho inaniuma. Mtu mzima na akili zake, ameona kweli kwa macho yake, halafu anaiogopa mashine. Nasra nikamwambia aandike tena, ajitahidi kueleza vizuri.

Wiki iliyofuata akaingia anacheka. Amepata tisini na moja. Akatusomea kwa sauti, mimi napanga ndizi za kuuza, baba yake Yusuph anakunywa chai.

"Baba yangu ana shamba kubwa Kinole. Alilirithi kwa baba yake."

Yusuph akaweka kikombe chini. "Shamba gani hilo, mwanangu?"

"Ndivyo inavyotakiwa, baba."

Nikaacha kupanga ndizi. "Na bibi yako umemweka wapi?"

"Yumo, mama, mwishoni kabisa. Amekuja kutembea. Baba anampa mkungu wa ndizi, anashukuru, anaondoka."