Uso Ulioota kwenye Agari

Asubuhi ya Jumanne Shamsiya alifungua kiatamishi cha maabara, kabati la chuma linalotunza joto kama la mwili wa mtu, akatoa sahani tatu zilizopakwa maji ya visima vya mtaa wa Nguvumali. Ya kwanza haikuwa imeota kitu. Ya pili ilikuwa na madoa machache ya manjano. Katika ya tatu, iliyotoka kwenye kisima cha sadaka ya marehemu Shekhe Nadir, kulikuwa na uso wa mtoto wa Shekhe huyo, Bwana Taimur.

Aliisogeza dirishani aione vizuri. Agari ile nyekundu, rojo la kuoteshea lililoganda sahanini, huandaliwa kwa chumvi za nyongo ili viumbe vingi visivyozoea maisha ya utumbo vishindwe kuota, na vibaki vile vinavyojua kukaa tumboni. Vimelea vya homa ya matumbo huota humo vikiwa vyekundu, na katikati hujifanyia kiini cheusi. Viini hivyo ndivyo vilivyokuwa macho. Mashavu yalikuwa yamejaa, kidevu kilikuwa na ndevu zilizochongwa kama Bwana Taimur anavyozichonga kila Ijumaa, na uso wote ulimeta kwa ute. Shamsiya alipoinua kifuniko, harufu ya mayai viza ilimfika kooni. Akafunika, akameza mate, kisha akajuta kuyameza.

Mkuu wa maabara, Mzee Idarusi, aliitazama sahani kwa miwani na bila miwani. Alisema huenda waya wa kupakia sampuli haukuunguzwa vizuri, akaagiza maji yaoteshwe upya. Kesho yake uso ulirudi, safari hii umegeukia kushoto kidogo. Vipimo vya kuthibitisha, vya sukari na vya urea, vilijibu kama vitabu vinavyotaka. Shamsiya aliuliza kwa nini awe Bwana Taimur, ilhali kinyesi ni cha wapangaji wake. Mzee Idarusi alijibu kwamba vimelea ni kama mazao mengine, humfuata mwenye shamba.

Shamba lenyewe lilijulikana. Juu ya mteremko Bwana Taimur alikuwa amejenga safu ya vyumba vya kupangisha, akachimba shimo la choo na kuliacha bila kulijengea. Chini yake tu ndipo kilipo kisima, ambacho yeye mwenyewe alikichimba zamani kwa ajili ya roho ya baba yake, na ambacho kila anayekunywa maji yake humwongezea marehemu thawabu. Siku za mvua maji yake hufanya utando kama mafuta ya mchuzi uliopoa. Wanawake huusukuma kando kwa kiganja, wakachota.

Shamsiya hakutaka kumfedhehesha mtu. Alitaka kisima kifungwe kabla ya Maulidi, kwa sababu mama yake, Bi Mwanasiti, alikuwa ametoka hospitali kwa homa ya matumbo mara ya pili, na daktari alikwisha kusema kwamba utumbo wake hautastahimili ya tatu. Bi Mwanasiti alikubali dawa zote isipokuwa kuyaacha maji yale. Shekhe Nadir ndiye aliyemsitiri mumewe alipokufa hata sanda hakuna. Kuyakataa maji ya sadaka yake, alisema, ni kumpunguzia marehemu huko aliko, na kuyachemsha ni kuyatilia shaka mbele yake. Maji ya chupa aliyoletewa na binti yake aliwanywesha kuku.

Afisa afya wa kata, Rahimu, alifika maabara na mnyororo na kufuli. Aliutazama uso, akautambua, akaeleza kwa upole kwamba sahani ingekuwa na madoa matupu angekifunga kisima asubuhi ile ile. Sahani yenye uso, hata hivyo, imekwisha kumtaja mtu, na aibu ya Muislamu husitiriwa. Alitoa leso yake, akaitandaza juu ya sahani, akairudisha kufuli mfukoni.

“Dada Shamsiya,” alisema akiwa mlangoni, “niletee vimelea visivyo na ndevu, tutaelewana.”

Shamsiya alijaribu. Aliyazimua maji mara kumi, akayazimua tena. Uso ulipungua ukawa kama ukucha wa kidole gumba, lakini ndevu zilibaki. Alibadilisha chakula cha kuoteshea, akatumia kile cha sukari ya maziwa, ambacho vimelea hivyo hukikataa vikabaki bila rangi. Bwana Taimur aliota humo akiwa mweupe, kama mtu aliyeamka kitandani baada ya ugonjwa mrefu.

Alhamisi ya juma lililofuata alikuja mwenyewe, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amebeba sinia ndogo ya halua. Shamsiya alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Aliomba kujiona. Aliondoa leso ya Rahimu kwa ncha za vidole, akajitazama kwa makini.

“Pua hii si yangu,” alisema. “Ni ya marehemu mzee wangu.”

“Ni shimo, Bwana Taimur. Ukilijengea, maji yatapona. Mama yangu anayanywa.”

“Na mimi nayanywa, binti. Shimo litajengewa, inshallah, wapangaji wakishatulia. Ama kuikata sadaka ya baba yangu kwa sababu ya uji wenu mwekundu huu, hapo utanisamehe.”

Alimwomba aiinamishe sahani isipigwe na mwanga, akaipiga picha kwa simu, akaaga. Halua aliyoiacha ilimeta kwa ute ule ule. Mzee Idarusi aliila kwa vidole, palepale mezani kati ya sahani, akaisifu iliki yake.

Usiku wa Maulidi sharubati ilikorogwa kwenye mapipa ya plastiki kwa maji ya kisima, ikatiwa rangi na marashi mpaka ikafanana kabisa na agari kabla haijaganda. Bwana Taimur aligawa kwa mkono wake. Shamsiya alikishika kikombe chake hadi dua ya mwisho, akakimwaga chini ya ukuta. Bi Mwanasiti, mkekani pamoja na wazee wenzake, alikunywa, akamwombea marehemu, akaomba aongezwe kikombe.

Baada ya hapo wagonjwa walianza kufika na vikopo vyao vya choo cha kupimwa. Kiatamishi kilijaa, na kwenye kila rafu Bwana Taimur alitazama juu kwa macho meusi. Waliofuata majibu hawakuuliza jina la ugonjwa. Waliomba kuonyeshwa, wakatikisa kichwa, na walio wadogo kwake kwa umri walimwamkia. Sahani ya Bi Mwanasiti ilikuwa rafu ya chini. Humo Bwana Taimur alikuwa ametoka vizuri kuliko katika zote.

Hospitalini tumbo la Bi Mwanasiti lilikuwa limevimba, gumu kama ngoma. Utumbo ulikuwa umekwisha kutoboka, na daktari alisema hapakuwa tena na maji ya kumdhuru wala ya kumfaa. Shamsiya aliketi kando yake.

“Mmemwona?” mama aliuliza.

“Tumemwona, mama.”

“Kafanana?”

“Kafanana.”

Bi Mwanasiti alifumba macho akamshukuru Mungu. Alisema Shekhe Nadir angefurahi kuona mwanawe anavyojulikana. Kisha akaomba maji, si ya chupa.

Shamsiya alikwenda kisimani na kopo. Foleni ilikuwa fupi. Mwanamke aliyemtangulia aliusukuma utando kando kwa kiganja, akajaza ndoo yake, akampisha kwa adabu, akamuuliza hali ya mgonjwa. Shamsiya akachota. Ndani ya kopo maji yalikuwa maangavu, hayana sura ya mtu yeyote. Juu ya mteremko mlango wa choo ulifunguliwa, mtu akamwaga ndoo, mlango ukafungwa.