Kilio Kilichongoja Lori

Mwaka wa tatu baada ya uhuru, wezi waliisumbua Suna mpaka watu wakachoka kununua sufuria. Leo baiskeli, kesho kuku, keshokutwa shuka zilizoanikwa, tena zikiwa bado zinachuruzika maji. Askari walikuwa wachache na mbali. Basi wakazi wakakutana barazani kwa Nicanor, fundi viatu, wakakubaliana jambo moja: atakayesikia nduru atoke na rungu, na atakayeonekana anakimbia, huyo ndiye mwizi. Maswali baadaye. Leonida, ambaye cherehani yake ilikuwa imeondoka na mlango wake, alipiga makofi kuliko wote.

Na tuseme ukweli, mpango ulifanya kazi. Shuka zilianza kukaa kwenye kamba mpaka jioni. Ila kulikuwa na siku ile mwanamke mmoja alipoona nyoka jikoni akapiga nduru, na nje alikuwepo mpita njia aliyekuwa akiikimbia mvua. Walimzika bila kumjua jina. Tangu hapo watu wa Suna hawakukimbia tena. Mawingu yalipofunguka ungewaona wakitembea polepole katikati ya mvua, mmoja mmoja, wakilowa kwa adabu, na mtaa mzima ukaonekana kama unatembea usingizini.

Alasiri moja ya joto Leonida alikuwa akipepeta wimbi kivulini mwa nyumba yake. Mumewe alikuwa kazini Homa Bay, na hakukuwa na sauti ila ya ungo. Macho yalikuwa yanajifumba. Alipoyafumbua, kijana mgeni alikuwa amesimama mbele yake, mikono imejaa magamba ya samaki.

"Mama, wewe ndiye Leonida wa Kisegi?"

"Ndiye mimi. Karibu, mwanangu."

"Mimi ni Maroa, tanboi, utingo wa lori ya samaki. Ndugu yako Caleb amenituma." Kijana akajifuta magamba mikononi. "Amesema mama yenu amefariki leo asubuhi. Pole sana, mama. Lori iko sokoni, inaenda Isebania, na dreva amesema hangoji mtu."

Akageuka, akaanza kukimbia.

Mwanamke wa Kijaluo akiambiwa mzazi wake amekufa hupiga nduru pale pale alipo. Anayenyamaza hutazamwa vibaya, watu wakajiuliza anaficha nini. Nduru ya Leonida ilikwisha kupanda, ikamfika kooni, mdomo ukafunguka wenyewe. Hapo akauona mgongo wa yule kijana ukienda mbio njiani, na mbele yake, ukutani kwa Nicanor, rungu limeegemezwa. Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Maroa!" aliita alipoweza kuita. "Ngoja, nikusindikize."

"Nitaachwa, mama!" Maroa alijibu, akasimama kidogo.

"Afadhali uachwe." Alimfikia, akamkamata mkono, akamshika imara kama mtoto wake wa kumzaa. "Tembea na mimi. Hapa hatukimbii."

Njia ya sokoni, ambayo Leonida aliipita kila siku, ilikuwa imerefuka. Vumbi halikutoa sauti chini ya miguu yake. Nyumba zilielea kidogo juu ya ardhi, kama mitumbwi iliyofungwa. Upande wake wa pili mama yake alikuwa akitembea pekupeku, upindo wa gauni umelowa maji ya ziwa, wala Leonida hakushangaa kumwona. Nivumilie kidogo, mama, alimwambia kimoyomoyo. Nakuja kukulilia. Mama yake hakumwacha.

"Nyar Kisegi!" Nicanor aliita kutoka barazani. Binti wa Kisegi, ndivyo mtaa ulivyomwita. "Huyo nani unayemshika hivyo?"

"Mtoto wa nyumbani. Ameniletea samaki."

"Mbona siwaoni samaki?"

"Ungewaona ungewala," akasema Leonida, akacheka. Nicanor naye akacheka. Kicheko kile kilimchoma Leonida kifuani, maana hakuna binti anayecheka siku kama ile, lakini alikicheka mpaka mwisho.

Mbele kidogo Pauline alikuwa amekaa kizingitini akichambua mboga, rungu la mumewe likiwa karibu na mguu wake. Alitaka salamu kamili, kama kawaida yake. Aliuliza habari za kazi, za mume, za joto.

"Na mama kule Kisegi, hajambo?"

Leonida alitazama pembeni. Mama yake alikuwa amesimama, anasikiliza.

"Hajambo," akasema.

Walipokwisha kumpita Pauline, kijana alinong'ona, "Mama, mbona hulii? Ama sikusema vizuri?"

"Ulisema vizuri sana, mwanangu. Tembea."

Lori lilikuwa limekwisha kuwashwa, dreva anapiga honi kwa hasira. Maroa akapanda nyuma, akageuka kumtazama yule mwanamke asiye na machozi, akatikisa kichwa. Lori likaondoka, likashika barabara ya Isebania. Leonida alilitazama mpaka vumbi lake lilipotulia. Alipogeuka, upande wake hapakuwa na mtu.

Hapo akapiga nduru. Ilitoka na nguvu zote za kucheleweshwa, na mtaa mzima ukaisikia. Walikuja kutoka kila upande, Nicanor mbele na rungu lake, Pauline nyuma yake ameshika mwiko, na baadhi yao walimpita Leonida wakizidi kukimbia, wakitafuta mgongo wa kuupiga.

"Yuko wapi?" Nicanor alihema. "Amekimbilia wapi?"

"Hakuna mwizi. Mama yangu amekufa."

Pauline aliangusha mwiko. "Si umeniambia hajambo?"

"Yule kijana ndiye aliyeniletea habari. Alikuwa anakimbia."

"Ukajua mama amekufa, ukatembea mpaka huku unacheka?" Nicanor aliuliza. "Kwa nini hukulia nyumbani kwako?"

"Ningelia, mngemwua."

"Sisi? Sisi majirani zako?"

"Nyinyi," alisema Leonida. "Na kama kilio kingekuwa cha mwingine, mimi pia ningetoka na rungu langu."

Kisha akaketi vumbini, akamlilia mama yake.