Kivuli cha Kisigino

Asubuhi ya mashindano, Mama Brashi alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimsuka farasi nywele za shingo. Alisuka kwa uzi mweusi na sindano butu, mafundo madogo yaliyobana, na kila alipomaliza fundo alilipiga kikofi likae. Farasi mwenyewe alikuwa jike la rangi ya kahawia, jina lake Bibi Harusi, kwa sababu ya maringo. Hakuwa akitoka bandani mpaka apambwe.

Jua lilikuwa limeshaingia mlangoni. Sakafuni kulikuwa na kivuli cha farasi na kivuli cha ndoo. Cha Mama Brashi hakikuwepo. Kilitangulia uwanjani tangu alfajiri, kama kila siku ya mashindano.

Katika klabu ile ya wapanda farasi jambo hilo halikuwa geni. Siku ya mashindano, kivuli cha mpandaji kilichoanguka mchangani hakikuwa cha aliyekaa kwenye tandiko, bali cha mtu aliyemfunza farasi. Wazazi wapya waliuliza mara moja, wakaelezwa, wakaendelea kutafuta viti. Klabu nayo iliweka kibao langoni kuwaomba watazamaji wasikanyage vivuli vya wafanyakazi, maana kivuli kikikanyagwa mwenyewe huamka kesho yake hawezi kuinua hata koleo.

Binti wa Mama Brashi aliingia akivuta mkono wa koti ufike kwenye kifundo. Haukufika. Koti lilikuwa la kuazima, na msichana alikuwa amerefuka tangu lilipoazimwa.

"Mama, mkono unaonekana?"

"Mkono unaonekana. Ukishika hatamu vizuri watautazama mkono, hawatatazama koti."

Msichana huyo klabu nzima ilimwita Kisigino. Tangu alipokuwa mdogo, akipanda ukuta wa banda na kujifanya yuko juu ya farasi, mama yake alikuwa akipita na toroli la samadi huku akimwambia, "Kisigino chini!" Jina likamganda. Sasa alikuwa na umri wa mwisho unaoruhusiwa kwenye mashindano ya vijana, na mshindi wa mwaka huo angeajiriwa kuwa mwalimu wa watoto wanaoanza kupanda. Asiposhinda, kazi nyingine ilikuwepo. Klabu ilikuwa imeshamletea mabuti ya mpira, mapya, saizi yake, na yalikuwa yamewekwa mlangoni karibu na ya mama yake. Asubuhi ile wote wawili waliyaruka kama watu wanaoruka dimbwi.

Mashindano yenyewe hayakuwa ya mbio. Aliyefikiri farasi atakayetangulia ndiye mshindi alikuwa amepotea njia. Waamuzi walitazama mpandaji alivyokaa: mgongo, mikono, kisigino, na kama anamwomba farasi au anamgombeza. Mpandaji bora alionekana kama hafanyi kitu chochote, na kutofanya kitu huko kulichukua miaka.

Kwa kawaida watunza farasi hawakuruhusiwa kufika kwenye uzio wakati wa mashindano. Walibaki nyuma ya mabanda na ndoo zao, wakisikiliza makofi. Lakini mwaka ule Mama Brashi alikuwa mzazi wa mshindani, na wazazi walikuwa na nafasi yao. Basi akavua aproni, akanawa mikono mara mbili, akaenda kusimama kwenye uzio, mtu mzima asiye na kivuli, kati ya mama mmoja mwenye mwavuli na baba mmoja aliyekuwa akila karanga.

Mtoto wa mwenyekiti wa klabu ndiye aliyeingia wa kwanza, akiwa juu ya Bibi Harusi, aliyefunzwa na Mama Brashi. Alikuwa kijana mzuri, mwenye adabu, alipopita kwenye uzio aliinamisha kofia na kusema, "Shikamoo mama." Mama Brashi aliitikia, kisha akatazama chini, mchangani.

Hapo ndipo alipojiona.

Miaka yote kivuli chake kilikuwa kikienda pale bila yeye. Alijua kinaenda, kama mtu anavyojua kwamba moyo wake unadunda, lakini hakuwa amewahi kukiona kazini. Yeye alikuwa na magoti yanayolia akiinama na mgongo uliozoea ndoo. Kivuli hakikuwa na habari hizo. Kilikaa wima, mabega yamelegea, visigino chini, mikono imetulia mbele kama inashika bakuli la maji lililojaa pomoni. Bibi Harusi alipoanza kukimbia shoti, kijana juu alirukaruka kidogo kwenye tandiko. Kivuli hakikuruka. Kilikwenda naye, na ilikuwa vigumu kusema farasi anaishia wapi na mwanamke anaanzia wapi.

Mama Brashi alishika uzio kwa mikono miwili. Kumbe ndivyo ninavyokaa, alisema moyoni, na akaona aibu kidogo kwa jinsi alivyojipenda.

"Kile chako?" aliuliza mama mwenye mwavuli.

"Changu."

"Kimekaa vizuri."

"Asante."

Wapandaji wengine walifuata. Wote walikuwa watoto wa wakubwa, na chini yao walipita watunza farasi ambao Mama Brashi alikunywa nao chai kila siku: yule mzee wa banda la pili, ambaye kivuli chake hakikuwa na kilema cha mguu, na yule mwanamke mcheshi, ambaye kivuli chake hakikutania hata kidogo. Watazamaji walipiga makofi. Baba wa karanga akamwambia mama wa mwavuli kwamba mwaka huu vivuli vimetia fora.

Kisigino aliingia wa mwisho, akiwa juu ya Kibogoyo. Huyu alikuwa farasi mzee asiye na meno ya mbele, ambaye hata hivyo hakuwa ameacha tabia ya kuuma. Hakuna aliyemtaka, ndiyo maana Kisigino alipewa. Alimfunza mwenyewe, alfajiri kwa alfajiri, mpaka farasi yule akakubali kugeuka kwa kuombwa tu na goti. Kwa hiyo msichana alikuwa mshindani pekee siku ile ambaye kivuli chake kilikuwa chake. Juu Kisigino, chini Kisigino. Watu waliona ni jambo la kawaida mno, na makofi hayakuwa mengi, lakini waamuzi watatu waliacha kunong'ona. Mikono ya msichana ilikuwa mitulivu kiasi kwamba inzi alitua juu ya kidole gumba chake, akazunguka naye uwanja mzima.

Alama ziliposomwa, walibaki wawili: mtoto wa mwenyekiti na Kisigino. Na kama ilivyo desturi ya mashindano hayo, walitakiwa kubadilishana farasi, palepale, bila mazoezi, ili ijulikane nani anajua kupanda na nani amezoea farasi wake.

Jua lilikuwa limeshuka na vivuli vimerefuka. Kisigino alipanda Bibi Harusi. Alipotia mguu kwenye kikuku cha tandiko, Mama Brashi, pale kwenye uzio, alihisi uzito wa mtoto wake mgongoni, kama zamani alipokuwa akimbeba. Msichana akaketi. Chini yake, mchangani, kivuli cha mama kikaketi.

Walianza kwa mwendo wa taratibu, kisha mchakamchaka, kisha shoti. Mama alihisi ngozi ya hatamu viganjani, na mchanga wenye joto ukimpita tumboni. Binti aliponyoosha mgongo, kivuli kilikuwa kimeshaunyoosha. Kivuli kilipolegeza mkono, binti naye alikuwa ameshalegeza. Hakuna aliyemfuata mwenzake. Bibi Harusi aliacha maringo yote, akashusha kichwa na kuwabeba, na mafundo ya shingoni hayakutikisika. Mtu wa karanga alishika karanga moja karibu na mdomo na kuisahau. Mama Brashi alilia waziwazi, bila kujifuta, kwa sababu hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile na kitu chenyewe kilikuwa chao.

Kisha mtoto wa mwenyekiti akapanda Kibogoyo. Kibogoyo alimuuma buti, akakuta ngozi ngumu, akakata tamaa. Kijana alijitahidi. Kiwiliwili kilimpwaya, mikono ikapanda na kushuka kama ya mtu anayetwanga. Lakini mchangani, chini yake, Kisigino alikaa kimya, mgongo wima, visigino chini, na kile kivuli chembamba cha inzi kwenye kidole gumba. Waamuzi walikuwa upande wenye jua machoni, basi wote watatu waliinamisha kofia, wakatazama mchanga.

Mtoto wa mwenyekiti alitangazwa mshindi.

Mama Brashi alipiga moyo konde, akaenda mezani kwa mwamuzi mkuu, mzee mwenye kofia pana na sura ya huruma.

"Samahani mzee. Nilitaka kuelewa tu."

"Karibu mama. Binti yako anapanda vizuri mno. Lakini alipokuwa juu ya Bibi Harusi, mkao ule ulikuwa wako. Hatuwezi kumpa mtoto alama za mama yake."

"Sawa. Na kijana, juu ya Kibogoyo? Mkao ule ulikuwa wa nani?"

"Wa binti yako," mwamuzi alisema bila kusita. "Tumeuona sote. Tangu nianze kazi hii sijaona mikono imetulia vile. Ndiyo maana tumempa kijana ushindi."

Mama Brashi alisubiri, labda kulikuwa na sentensi nyingine njiani. Haikuja. Mwamuzi alimuuliza kwa upole kama chai ya wageni bado ipo.

Kombe lilikuwa la fedha, lenye masikio mawili. Mwenyekiti alimkabidhi mwanawe, wakapigwa picha. Kijana alitaka kusema jambo. Alimtazama Kisigino, akatazama chini, akaona kivuli cha msichana kikijitenga na cha Kibogoyo na kurudi kwa mwenyewe, polepole, kwa sababu kilikuwa kimebeba kitu.

"Dada," alimwambia, "hili kombe halina kivuli."

"Naona," Kisigino alijibu. "Hongera."

Jioni mama na binti walirudi kwao kwa miguu, njia ya nyuma ya mabanda. Kivuli cha mama kilikuwa kimeinama tena, kwa uchovu. Cha binti kilitembea pembeni kikiwa kimekumbatia kivuli cha kombe lenye masikio mawili. Mama alisema mafundo ya Bibi Harusi yafumuliwe mapema, yasije yakamwasha.

Jumatatu Kisigino alivaa mabuti mapya ya mpira, akaingia bandani na toroli. Upande wa pili wa ukuta, mtoto wa mwenyekiti alikuwa akifundisha watoto sita wenye kofia kubwa kuliko vichwa, kazi ambayo baba yake alisema mwanawe ataifanya kila akipata nafasi. "Kisigino chini!" alikuwa akiwaambia, na kila aliposema hivyo msichana aliinua kichwa akidhani anaitwa.

Samadi ilikuwa nyingi, toroli zito. Ukutani, kivuli cha Kisigino kilikuwa kikisukuma kwa mkono mmoja tu, na toroli likaenda upande.

"Kiambie kiweke hilo kombe chini," mama alisema, "kikusaidie kusukuma."

"Nimekiambia, mama. Kimekataa."

Mama Brashi akaja, akashika mpini wa pili wa toroli, wakasukuma pamoja mpaka kwenye lundo.